Si uvivu wala kurogwa: Mama anayesahau tangu utotoni

Leo katika ukurasa wetu wa afya tutazungumza juu ya jambo lisilo na homa, lisilo na kidonda wala uvimbe. Huwezi kuliona kwa macho. Lakini linaharibu kazi, linaleta ugomvi nyumbani, na linamfanya mama ajichukie mwenyewe.

Tuanze na mfano. Mama huyu hatutampa jina. Anaweza kuwa mama yeyote katika kijiji chochote kando ya Ziwa Victoria, iwe Ukerewe, Magu, Sengerema au Ilemela.

Mama huyu anafanya biashara ya dagaa. Asubuhi amenunua dagaa wabichi mwaloni, amewaanika juu ya chanja. Kazi yake anaijua vizuri. Anajua kwamba dagaa wakinyeshewa huharibika na bei huanguka. Mara mawingu yanakusanyika. Mama anainuka, anakwenda nyumbani kuchukua turubai. Anapofika mlangoni anaona ndoo haina maji. Anaichukua, anakwenda kisimani. Pale kisimani anakumbuka kwamba leo ni siku ya kulipa fedha za kikundi. Anaiacha ndoo, anakwenda kwa mweka hazina. Mvua inanyesha. Turubai liko nyumbani, ndoo iko kisimani, na maharage jikoni yameungua.

Jioni mume wake anauliza, "Mke wangu, dagaa wameloa tena? Ulikuwa wapi?"

Mama hana jibu. Hakulala. Hakwenda kupiga soga. Siku nzima alikuwa mbioni. Mama mkwe anasema ni mvivu. Jirani anasema karogwa. Yeye mwenyewe anasema moyoni, "Mimi ni mjinga."

Huenda hakuna hata mmoja kati yao aliyesema kweli.

HALI HII NI NINI?

Wapo watu waliozaliwa na ubongo ambao unapata taabu kushika jambo moja mpaka mwisho. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita hali ya kukosa utulivu wa mawazo. Hospitalini utasikia ikiitwa kwa herufi nne tu, ADHD.

Fikiri juu ya mashua. Mbao zake ni nzima. Injini yake ina nguvu. Lakini usukani umelegea. Kila wimbi linaigeuza upande wake. Mashua hiyo si mbovu, na nahodha wake si mvivu. Inahitaji usukani ukazwe.

Ndivyo ilivyo hali hii. Akili ipo. Nguvu zipo. Nia ipo. Kinachopungua ni uwezo wa ubongo wa kuchagua: hili nilifuate, lile niliache mpaka baadaye.

Hali hii haiambukizi. Mara nyingi hutembea katika ukoo, kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au aliyezaliwa na uzito mdogo sana, naye ana hatari zaidi ya kuwa nayo. Haitokani na uchawi, wala hasira ya mizimu, wala malezi mabaya.

SWALI KUBWA: TANGU LINI?

Kila mtu husahau. Kila mtu huchoka. Kwa hiyo usiseme haraka kwamba fulani ana hali hii. Kwanza uliza: mambo haya yalianza lini?

Hali hii huanza utotoni, kabla ya miaka 12. Mama mwenye hali hii alikuwa hivyo tangu alipokuwa msichana mdogo. Alitumwa chumvi akarudi na kiberiti. Alipoteza daftari na kalamu. Mwalimu alisema ana akili, ila hatulii.

Dalili zake kwa mwanamke mtu mzima ni kama hizi:

1. Anaanza kazi nyingi, anamaliza chache.
2. Anasahau ahadi, siku ya kliniki, madeni, na mahali alipoweka vitu.
3. Anaambiwa jambo, anaitika, lakini baada ya muda mfupi halikumbuki.
4. Anachelewa kila mara, hata kwa jambo analolipenda.
5. Anakata maneno ya wenzake, au anasema jambo kisha anajuta.
6. Anatoa fedha kwa haraka bila kufikiri.
7. Mwili unaweza kuwa umekaa kimya, lakini mawazo yanakimbia bila kupumzika.

Dalili moja au mbili hazitoshi. Ni lazima ziwe nyingi, ziwe za miaka mingi, ziwe zinaonekana nyumbani na kazini pia, na ziwe zinaharibu maisha yake.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu. Mama huyo huyo anaweza kukaa saa nyingi akisuka mkeka bila kuinua kichwa. Watu husema, "Mbona kwenye mkeka anaweza? Anajifanya tu." Hajifanyi. Jambo linalompendeza humshika lenyewe. Jambo lisilompendeza huteleza, hata akilikamata kwa mikono miwili.

KWA NINI WANAWAKE HAWAONEKANI?

Mwaka 1902, daktari mmoja wa London, George Still, alieleza habari za watoto ambao hawakuweza kutulia wala kujizuia. Kwa miaka mingi baada ya hapo madaktari waliitazama hali hii kama jambo la watoto, hasa wavulana. Sasa inajulikana kwamba wengi huendelea nayo ukubwani.

Mvulana mwenye hali hii mara nyingi hukimbia, hupanda miti, huvuruga darasa. Kila mtu humwona. Msichana mara nyingi hukaa kimya nyuma ya darasa, macho yako ubaoni, mawazo yako mbali. Hamsumbui mtu. Kwa hiyo hakuna anayeuliza.

Kisha msichana anaolewa. Sasa ana jiko, shamba, watoto, wakwe, kikundi na biashara. Mambo ya kukumbuka yamekuwa mengi, na hapo ndipo anapozidiwa. Wanawake wengi husema pia kwamba hali huwa mbaya zaidi siku za kukaribia hedhi, na tena umri wa hedhi kukoma unapofika.

Baadhi ya akina mama hujitambua kupitia watoto wao. Mtoto anapelekwa kwa daktari. Daktari anauliza maswali. Mama anasikiliza, kisha anasema, "Kumbe na mimi ni hivyo hivyo."

MAGONJWA YANAYOFANANA

Kama kusahau kumeanza mwaka huu tu, tafuta sababu nyingine. Hapa kwetu kando ya ziwa zipo nyingi.

Kichocho cha tumbo hupatikana kwa kuingia katika maji ya ziwa. Kikikaa muda mrefu huweza kupunguza damu na kuchosha mwili. Malaria na minyoo hupunguza damu pia. Mtu asiye na damu ya kutosha hawezi kufikiri vizuri. Ugonjwa wa tezi ya shingo huweza kuleta uzito wa mawazo. Kifafa cha kuduwaa humfanya mtu apotewe na fahamu kwa muda mfupi. Kukosa usingizi, msiba, kipigo nyumbani, na ugonjwa wa huzuni huvuruga akili vilevile.

Kwa hiyo anzia zahanati. Eleza hali yako. Omba kupimwa damu na choo. Kichocho kina dawa, nayo ni prazikwanteli. Upungufu wa damu nao una dawa.

KALAMU NI USUKANI

Ndugu msomaji, miaka ya 1968 hadi 1972 Mwanza ilikuwa kitovu cha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya ziwa. Watu wazima walijifunza kusoma kwa kutumia mambo ya kazi zao: pamba, uvuvi, ufugaji. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakasoma kwa vikundi, kisha wakachimba vyoo. Funzo lake ni hili: kusoma kuna faida kunapoingia kazini.

Leo wewe unayesoma maneno haya una chombo kikubwa mkononi. Mama mwenye hali hii asiutegemee ukumbusho wa kichwani. Auweke nje ya kichwa, juu ya karatasi. Fanya hivi:

1. Andika papo hapo. Usiseme, "Nitakumbuka." Daftari dogo na penseli vifungwe kwa kamba, visitengane. Kila asubuhi andika mambo matatu tu ya siku hiyo. Ukimaliza moja, lipige mstari.

2. Weka kifaa pale kazi ilipo. Turubai likae chini ya chanja, lisikae nyumbani. Hivyo mvua ikija huna safari ya kwenda.

3. Kila kitu kiwe na mahali pake. Ufunguo, kadi ya kliniki na daftari la kikundi vitundikwe kwenye msumari mmoja.

4. Kata kazi kubwa vipande. Usiseme, "Leo nitapalilia shamba." Chomeka kijiti, palilia mpaka kijitini, pumzika, kisha kihamishe.

5. Tumia kengele. Hata simu ndogo ya vitufe ina kengele. Itege kwa chungu kilicho motoni. Itege kwa saa ya kumeza dawa, hasa dawa za kila siku kama za kifua kikuu na za kupunguza makali ya VVU.

6. Fanya kazi na mwenzako. Wengi wenye hali hii hutulia wakiwa na mtu kando yao.

7. Fedha zisitoke siku hiyo hiyo. Ukitaka kununua kitu kikubwa, kiandike, lala, kisha amua kesho. Madeni yote yaandikwe.

8. Moto, maji na watoto visiachwe kwa kumbukumbu. Ukiondoka, mkabidhi mtoto kwa mtu mzima, mtaje kwa jina, usikie ameitika. Usifikiri kwamba yupo mtu anamtazama. Mtoto huzama kwa dakika chache tu, tena bila kelele.

9. Lala usingizi wa kutosha. Usitafute utulivu katika gongo wala mirungi. Gongo huzidisha usahaulifu. Mirungi imekatazwa na sheria, nayo hufukuza usingizi.

KWA MUME NA JAMAA

Ndugu mume, kumgombeza mkeo hakukazi usukani. Kumpiga ni kosa, tena huongeza hofu, na hofu huongeza kusahau. Mwambie jambo moja kwa wakati mmoja, ukimtazama usoni. Mwombe alirudie. Kaeni pamoja jioni mwangalie daftari. Gawaneni kazi kwa jinsi kila mmoja anavyoweza. Pengine yeye ni hodari wa kuuza sokoni, na wewe ni hodari wa kutunza hesabu. Hakuna aibu katika hilo.

Mama mkwe naye asiseme "mvivu" mbele ya watoto. Neno hilo mama amelisikia tangu utotoni. Wengi wenye hali hii hatimaye hupatwa na ugonjwa wa huzuni au wasiwasi. Kama mama anasema amechoka kuishi, au anafikiria kujiua, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

MSAADA WA HOSPITALI

Kama umejaribu njia hizi na bado unazidiwa, nenda zahanati au kituo cha afya uombe kupewa rufaa. Hapa Mwanza, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina idara ya magonjwa ya akili. Kwenda huko si kusema kwamba wewe ni kichaa. Ubongo ni kiungo cha mwili kama jicho au mguu, nao una daktari wake.

Hakuna kipimo cha damu wala picha inayoonyesha hali hii. Daktari hutambua kwa maswali, tena huuliza sana habari za utoto. Kwa hiyo nenda na mama yako, dada yako, au mtu aliyekujua ulipokuwa mdogo. Andika mifano kabla ya kwenda. Kama una madaftari ya shule yenye maneno ya mwalimu, yachukue.

Zipo dawa zinazosaidia ubongo kutulia. Si kila mtu anazihitaji. Hutolewa kwa uangalizi wa daktari, kwa sababu zinaweza kuongeza mapigo ya moyo, kupunguza hamu ya kula au kuzuia usingizi. Usinunue dawa hizo mitaani, wala usimeze za mtu mwingine. Kama una mimba au unanyonyesha, mwambie daktari kwanza. Hata mwenye kutumia dawa bado anahitaji daftari lake.

Ndugu msomaji, turudi kwa mama yetu wa dagaa. Hali yake haitaondoka kwa siku moja. Pengine ataishi nayo maisha yake yote. Lakini turubai likiwa chini ya chanja, na penseli ikiwa kiunoni, dagaa watakauka. Na mtu akimwita mvivu, atajua kwamba si kweli.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Hali hii huanza katika umri gani? Kwa nini ni muhimu kuuliza "tangu lini"?
2. Ni magonjwa gani ya kijijini kwetu yanayoweza kufanana nayo?
3. Je, tumewahi kumwita mtu mvivu au karogwa bila kumuuliza hali yake? Tufanye nini sasa?
4. Kila mmoja aandike katika daftari mambo matatu ya kufanya kesho. Mkikutana tena, angalieni ni mangapi yaliyopigwa mstari.