Betri ya gari ikifa nyumbani: waya wa hasi kwanza

Kubadili betri ya gari ni kazi ya nusu saa, na baba au mama mwenye spana namba 10 anaweza kuimaliza uani bila kumwita fundi. Lakini gari kugoma asubuhi si lazima iwe betri. Wakati mwingine ncha zake zimeota ukungu mweupe tu. Zikisuguliwa na kukazwa upya, gari huwaka na fedha hubaki nyumbani. Kipima umeme nacho husaidia. Betri iliyojaa husoma kama volti 12.6 gari likiwa limezimwa. Injini ikiwaka na namba isipande kufikia 13.5 hivi, huenda mgonjwa ni altaneta, na betri mpya nayo itakufa baada ya siku chache.

Dukani ni vizuri kwenda na picha ya betri ya zamani kwenye simu, kwa sababu ya namba yake, mfano NS40 au NS60, na upande ilipo ncha ya chanya. Ikikosewa, waya haufiki.

Gari lizimwe, pete na saa za chuma zivuliwe, watoto wasogee mbali. Unafunguliwa kwanza waya wa hasi (-), kisha wa chanya (+). Wakati wa kufunga ni kinyume: chanya kwanza, hasi mwisho. Wengi hukariri mpangilio huu bila kujua sababu. Bodi lote la gari limeunganishwa na hasi, hivyo spana iliyoshika chanya ikigusa bodi kabla hasi haijafunguliwa hupiga cheche kali, na betri hutoa hewa ya haidrojeni inayolipuka. Betri kubwa ya nyaya za rangi ya chungwa kwenye gari la haibridi haiguswi kabisa; hiyo ni ya fundi.

Hatari zaidi kwa familia ni ile betri kuukuu inayoachwa barazani. Ndani yake mna tindikali na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi wa Owino Uhuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya kwa madhara ya kiwanda kilichoyeyusha betri jirani nao. Maduka mengi huipokea ya zamani na kupunguza bei ya mpya. Mnunuzi wa chuma chakavu asiruhusiwe kuipasua wala kumwaga maji yake pale uani.