MAFUTA YA MAWESE, KAZI YA MWILI, NA KUTU YA NDANI

Ndugu msomaji, umeona jembe lililoachwa inje kwenye mvua: kutu inalikula. Mwili nao unaweza kushikwa na kutu ya ndani.

Inatoka wapi? Chakula kinaungua mwilini kwa msaada wa hewa unayovuta, kama makala ndani ya jiko. Moto huo unatupa cheche. Cheche zinapenda kushika mafuta, na ukuta wa kila chembe ya mwili umejengwa kwa mafuta.

Lakini mwili iko na walinzi wa namna mbili. Wengine unawatengeneza wenyewe. Wengine wanaingia kwa chakula: vitamini C ya machungwa, mapera na majani, vitamini E ya karanga, na ile rangi nyekundu ya mawese, inayoitwa karotini. Karotini inageuka vitamini A, ambayo inalinda macho ya mtoto.

Basi mama, sikiliza. Wengi hapa Bunia wanachoma mawese mpaka inakuwa meupe, ili harufu iishe. Rangi ikiisha, karotini nayo imeisha. Mafuta yamebaki, walinzi umewafukuza! Afadhali utie mawese nyekundu ndani ya sombe au lengalenga karibu na mwisho wa kupika. Kwa mtoto mdogo, kijiko kidogo ndani ya chakula chake kinasaidia. Mtoto akianza kujikwaa jioni kwa sababu haoni vizuri, usingoje: mlete hospitali.

Mafuta ya soya na ya alizeti hushikwa na kutu upesi kuliko mawese. Yaweke gizani, na kifuniko kimefungwa. Mafuta yaliyokaanga mandazi siku nyingi, yakawa meusi na kutoa povu, usile tena.

Je, mawese mingi ni vizuri zaidi? Hapana. Karibu nusu yake ni mafuta magumu, ambayo yakizidi yanadhuru moyo. Tumia kwa kipimo.

Na kazi ya mwili? Mtu atauliza: “Nikikimbia navuta hewa mingi, cheche zinaongezeka. Si heri nikae?” Hapana, baba. Mwili unaozoeshwa polepole, kila siku, unaongeza walinzi wake wenyewe. Mwenye kulima au kutembea kila siku, mwili wake umezoea. Mwenye kukaa mwaka mzima, kisha anakimbia kwa nguvu siku moja, cheche zinashinda walinzi. Anza na mwendo wa nusu saa.

Usifikiri vidonge vinaweza kushika nafasi ya chakula. Huko Finland, wanaume 29,000 na zaidi wenye kuvuta sigara walichunguzwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994: waliomeza vidonge vya karotini walipata kansa ya mapafu zaidi kuliko wale ambao hawakuvimeza.

KUMBUKA:
1. Mawese iwe nyekundu, na kwa kipimo.
2. Majani na matunda kila siku.
3. Mafuta meusi ya kukaangia, mwaga.
4. Tembea kila siku, ongeza polepole.
5. Acha sigara: ile moshi inaleta cheche nyingine.