Mama wa Choma na Mkataba wa Maskati

Baada ya swala ya alasiri, dada mmoja wa hapa Choma, wilayani Igunga, alifika katika ofisi ya msikiti akiwa na mtoto mgongoni na bahasha mkononi. "Ustadhi," alisema, "naomba unisomee hizi. Nimeambiwa nitie saini kabla ya Ijumaa." Ndani mlikuwa na karatasi tatu za Kiarabu: mkataba wa kazi za ndani nchini Oman, wa miaka miwili.

Wakala alikuwa amemwambia kwamba mshahara ni riali 80 kwa mwezi. Karatasi ilisema 60. Riali moja ni takriban dola 2.60 za Marekani, hivyo mama yule angepoteza dola 52 kila mwezi, na kwa muda wote wa mkataba karibu dola 1,250. Siku ya mapumziko haikutajwa, wala saa za kazi. Kilichoelezwa kwa urefu ni deni litakalomwangukia akiondoka kabla ya muda.

Sikumuuliza sababu ya safari, alinieleza mwenyewe. Msimu wa pamba ulikuwa mbaya, na binti yake mkubwa alikuwa amefaulu kwenda sekondari. Mumewe alikuwa ameridhia, ingawa kwa shingo upande. Nafahamu watakaosema kwamba nafaka ni wajibu wa mume na mama akae na wanawe. La kwanza ni kweli tupu. Lakini waliolisema hilo mbele yangu sikumwona hata mmoja akipeleka debe la mahindi katika nyumba ile.

Kwenda mbali kutafuta ujira si jambo geni Unyamwezini. Katika karne ya 19, wapagazi wa huku walibeba mizigo ya ratili 60 na zaidi kati ya Tabora na Bagamoyo. Hawakuondoka kwa ahadi ya hewani: uzito wa mzigo, posho ya njiani na malipo, mara nyingi kwa vitambaa, vilijadiliwa kabla ya msafara kung'oa nanga. Posho ikikatwa, waligoma au waliutua mzigo wakaenda zao. Mama anayepanda ndege leo hana uwezo huo. Katika nchi za Ghuba, ukaazi wa mtumishi wa ndani hufungamana na mwajiri aliyemdhamini, yaani kafili. Akitoka nyumbani kwake bila ridhaa huweza kuhesabiwa mtoro.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watumishi wa ndani wa Kitanzania walioko Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Wengi waliohojiwa walieleza kuchukuliwa pasipoti, kufanyishwa kazi bila mapumziko na kulipwa pungufu ya walichoahidiwa. Wako pia waajiri wenye kumcha Mwenyezi Mungu, na wapo akina mama waliorudi wakajenga. Hata hivyo, haki ya mtu haifai kuachwa itegemee bahati ya mlango aliobisha.

Katika nyumba hizo hizo za Maskati hufanya kazi akina mama wa Ufilipino, ambao nao wameacha watoto kwao. Wao, mwaka 2006, serikali yao iliweka kiwango: mtumishi wa ndani asipelekwe nje kwa mshahara ulio chini ya dola 400 kwa mwezi, yaani riali 150 na ushee. Kabla ya safari hupewa mafunzo kuhusu haki zake na nchi aendayo. Sasa wana wizara kamili ya wafanyakazi walioko ng'ambo.

Tuliosoma fiqhi tunaujua mlango wa ijara: ujira ujulikane, na kazi au muda wake ujulikane. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inaamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Basi mwenye kumficha mama ujira wake kwa lugha asiyoisoma ameitumia Kiarabu vibaya, tena lugha tunayoiheshimu.

Nilimtafsiria karatasi zote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Nikamshauri aulize kama wakala yule anatambuliwa na serikali, na aandike namba ya ubalozi wetu ulioko Maskati mahali ambapo simu ikipotea haitapotea nayo. Wakala alipigiwa simu palepale. Alijibu kwamba wako wengine wanaosubiri nafasi hiyo. Dada akakata simu, akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akaondoka bila kutia saini.

Wiki ya tatu alirudi na mumewe, na mkataba mwingine kutoka kwa wakala mwingine. Huu ulikuwa na Kiswahili upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, riali 80 pande zote mbili, na siku moja ya mapumziko kwa wiki. Tuliusoma mara mbili, kisha mume akauliza swali ambalo sikulitarajia: mshahara utatumwa kwa jina la nani? Mkewe akajibu kabla yangu: kwa jina la mama yake mzazi, atakayekaa na watoto.

Mume alinyamaza kitambo, kisha akaomba kalamu. Nakala ya mkataba ule imo katika kabati la msikiti, na nyuma yake, kwa mwandiko wake, pana jina la mwajiri, mtaa na namba ya simu.