Teatre shirikishi: toka Brazil hadi Uvira na Fizi

Mkimbizi amerudi toka Tanzania na kukuta jirani analima shamba la baba yake. Anamwita mwizi. Jirani anamuuliza alikuwa wapi wakati wa vita. Sauti zinapanda, panga linainuliwa. Hapo hapo kiongozi wa mchezo anawasimamisha waigizaji na kuuliza wakaaji waliozunguka: sasa wafanye nini? Anayesema ana jibu anaitwa kati, anachukua nafasi ya muigizaji na kulijaribu mbele ya wote.

Hivyo ndivyo inavyokwenda teatre shirikishi, ambayo shirika la Search for Common Ground, linalofanya kazi Kongo tangu 2001, liliitumia katika vijiji vya Kivu Kusini.

Mizizi yake iko mbali. Augusto Boal, mwanateatre wa Brazil, alikamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi mwaka 1971, kisha akakimbilia Argentina. Mwaka 1973, akiwa Peru katika kampeni ya kufundisha watu wazima kusoma, mwanamke mmoja alikataa namna waigizaji walivyoonyesha shauri lake. Boal akamwambia apande jukwaani aonyeshe mwenyewe. Toka siku hiyo mtazamaji akawa muigizaji. Uhamishoni Ulaya, Boal aliendelea kufundisha njia hiyo, nayo ikafika Afrika.

Kandokando ya Tanganyika ilikuta kazi ikiisubiri. Vita vya 1996 na 1998 vilivusha watu wengi wa Uvira na Fizi hadi kambi za Kigoma, kama Nyarugusu na Lugufu. Kuanzia Oktoba 2005, meli za HCR zilianza kuwarudisha kupitia Baraka. Waliobaki walikuwa wamelima ili waishi. Waliorudi walidai urithi wao. Kila upande ulikuwa na haki ya kusikilizwa.

Ndiyo sababu waigizaji huanza kwa kuwasikiliza wakaaji, kisha hutunga mchezo bila kutaja jina la mtu. Mwenye kesi anajiona bila kuaibishwa. Na yule aliyerudi anapocheza nafasi ya aliyebaki, analazimika kutafuta maneno ya kumtetea.

Mchezo haugawi shamba. Mipaka hubaki kazi ya chefu, wazee na tribinali. Lakini wanaokwenda huko wanakuwa wameshazungumza mara moja, mbele ya kijiji kizima, bila panga la kweli.