Ufanisi wa kimea

Ufanisi wa kimea ni kipimo cha sukari ambayo mtengenezaji wa bia amefaulu kuitoa katika nafaka, ikilinganishwa na kiasi chote ambacho nafaka hiyo ingeweza kutoa. Hutajwa kwa asilimia. Hutumiwa sana na watu wanaotengeneza bia nyumbani kwa kuanzia na kimea chenyewe, bila kununua shira iliyotayarishwa kiwandani. Shughuli hiyo imeenea nchini Uingereza, ambako leseni ya kutengeneza bia ya nyumbani ilifutwa mwaka 1963, na nchini Marekani, ambako Rais Jimmy Carter alisaini sheria ya kuiondolea kodi mwaka 1978.

Hesabu yake

Densiti ya maji ni 1.000. Majimaji ya kimea yenye densiti 1.045 huhesabiwa kuwa na pointi 45 kwa kila lita. Kilo moja ya kimea cha kawaida cha shayiri inaweza kutoa pointi 300 hivi. Basi kilo 5 zina pointi 1500. Mtu akipata lita 26 zenye densiti 1.045 kabla ya kuchemsha, amepata pointi 1170, na ufanisi wake ni 78%.

Ufanisi usiotabirika huharibu mapishi. Kwa kilo hizo 5 na lita 20 za bia, ufanisi wa 65% huleta densiti ya 1.049 hivi, na 80% huleta 1.060. Baada ya kuchachuka, tofauti hiyo ni kama asilimia moja nzima ya alkoholi, na uchungu wa hopsi uliopimiwa bia moja haulingani tena na ile nyingine. Ndiyo sababu 72% ya kila mara ina faida kuliko 85% leo na 68% wiki ijayo.

Makosa ya kupima

Mara nyingi kinachobadilika ni vipimo, wala si kimea. Maji yanayokaribia kuchemka huwa yametanuka kwa takriban 4%, kwa hiyo lita 26 za moto ni lita 25 zikipoa. Haidromita nayo imetengenezwa kusoma kwenye nyuzijoto fulani, mara nyingi 20 °C. Ikitumbukizwa katika majimaji ya moto husoma chini ya ukweli. Sampuli hukorogwa na kupozwa kwanza, na ujazo husomwa kwa ufito uliowekwa alama kwa sufuria hiyohiyo.

Kusaga

Kimea husagwa kwa kinu cha rola ili punje ipasuke lakini ganda libaki karibu zima, kwa sababu maganda ndiyo chujio. Nafasi ya rola huwa kama milimita 1. Punje zikibaki nzima, maji hayafiki ndani; zikiwa unga, kama wa mashine ya posho, majimaji hukwama na hayashuki. Anayenunua kimea kilichosagwa dukani hana mamlaka juu ya jambo hili, na ufanisi wake hupanda na kushuka kadiri kinu cha duka kinavyorekebishwa.

Kuloweka na kusuuza

Kimea kilichosagwa huchanganywa na maji hadi mchanganyiko ufikie 62 hadi 70 °C, kwa kawaida kwa saa moja. Hapo vimeng'enya hugeuza wanga kuwa sukari. pH inayofaa ni 5.2 hadi 5.6. Kwa lita 3 za maji kwa kila kilo, majimaji ya kwanza yanapaswa kukaribia 1.080. Yakiwa chini sana ya hapo, wanga haujageuka wote, na tatizo ni usagaji, joto, pH au mabonge makavu yasiyokorogwa.

Yakiwa sawa, sukari imepotea katika kusuuza machicha. Kazi hii inafanana na kukamua nazi: tui la kwanza ni zito, na tui la pili hutoa kilichobaki. Machicha hubakiza karibu lita moja ya majimaji kwa kila kilo, pamoja na sukari yake. Bila kusuuza, kilo 5 zilizolowekwa kwa lita 31 hurudisha lita 26, yaani sehemu ya 84% hivi. Kilo 8 zilizolowekwa kwa lita 34 hurudisha lita 26 hizohizo, lakini ni 76% tu. Kwa hiyo bia kali huwa na ufanisi mdogo hata pasipo kosa lolote, na anayeitengeneza huongeza kimea mapema katika hesabu. Maji ya kusuuzia yasizidi sana 77 °C, hasa pH ikipanda kuelekea 6, kwa kuwa tanini za maganda huanza kutoka.

Mtama

Takwimu hizi ni za shayiri. Wanga wa mtama hulainika kwenye joto la juu zaidi, karibu 70 °C au kupita, ambako vimeng'enya vingi hufa haraka. Kwa sababu hiyo mtama hupikwa kwanza kuwa uji, kisha hupozwa kiasi kabla ya kutiwa kimea. Watengenezaji wa togwa nchini Tanzania hufanya vivyo hivyo: kimea cha ulezi au mtama hutiwa katika uji uliokwisha kupikwa na kupoa kidogo, nao hugeuka mwepesi na mtamu.