Je, Wajua? Bodi Ilianza Ikiwa Ubao

Neno la Kiingereza "board" huwasumbua wanafunzi: ni ubao, ni chakula cha mpangaji, tena ni kundi la wakurugenzi, yaani bodi. Mtu aweza kudai kwamba ni maneno matatu yaliyofanana kwa bahati. Sivyo. Katika Zama za Kati Waingereza walitandaza mbao ndefu juu ya miguu ya kuhamishika, wakala, kisha wakaziondoa. Ubao ukawa jina la meza, meza ikawa jina la chakula kilicho juu yake, na walioizunguka kushauriana nao wakaitwa vivyo hivyo. Ndiyo maana shule inayolisha na kulaza wanafunzi tunaiita bodingi. Anayeona safari hiyo ni ya ajabu na alitazame neno letu baraza: ni kikalio cha mawe mbele ya nyumba za Lamu na Unguja, na ni watu wanaoketi kuamua mambo, hadi Baraza la Mawaziri. Hata hivyo bahati nayo ipo, tusiikatae. Bodi ya gari haina undugu wowote na bodi ya shule. Ya gari imetokana na "body", yaani mwili.