Mwache Farasi Ainamishe Kichwa

Lori lilifika shambani Kilifi saa tatu asubuhi, baada ya kusafiri usiku kucha kutoka Nanyuki, zaidi ya kilomita 650. Farasi wawili wakashuka, jike wa kahawia na dume aliyehasiwa. Wakanywa maji, wakatafuna majani, watoto wa nyumba ile wakashangilia. Siku ya tatu nikapigiwa simu: jike hali, hatikisi hata mkia, na pua zinatoka kamasi za manjano. Kipimajoto kilisoma 40.2, na farasi mzima hapiti 38.5. Nilimwuliza saisi swali moja tu: njiani mlimfungaje? Akanionyesha kwa mikono kamba ya futi moja hivi, kwenye chuma cha juu. "Ili asimng'ate mwenzake, daktari."

Farasi ameumbwa kuishi kichwa chini. Akiachwa malishoni hula kwa saa 16 hivi kwa siku, pua ikigusa nyasi, na muda wote huo vumbi na makohozi ya kooni huteremka yenyewe hadi nje. Kichwa kikifungwa juu, njia hiyo hugeuka: bakteria wanaokaa kooni bila kumdhuru huanza kushukia mapafuni, na saa 6 hadi 12 zinatosha kuwafanya wengi. Ongeza harufu kali ya mkojo na vumbi la nyasi kavu ndani ya lori lililofunikwa turubai, umepata homa ya safari. Ubaya wake ni kwamba farasi hushuka akionekana mzima, kisha huugua siku ya pili au ya tatu, wenyewe wakishasahau lori.

Kamba basi iwe ndefu kiasi cha kumruhusu kushusha pua chini ya kifua, lakini isimfikie mguu akainasa. Ikiwa wawili wanang'atana, weka ubao katikati yao. Kila baada ya saa 4 egesheni kivulini, mbali na kelele za matrela ya barabara kuu, mmwage nyasi sakafuni na kulegeza kamba kwa nusu saa. Wengine hukataa maji yenye harufu ngeni hata wakiwa na kiu. Wazoesheni maji yenye molasi kidogo wiki moja kabla, kisha mtie molasi hiyo hiyo katika maji ya njiani. Dereva naye ajaribiwe shambani, beseni la maji likiwa sakafuni mwa lori. Yakimwagika kwenye kona, farasi naye angeyumba.

Tumbo lina habari hiyo hiyo. Farasi wa kilo 450 ana tumbo la chakula la lita 8 hadi 15 tu, wala hawezi kutapika. Kazi kubwa hufanyika nyuma, kwenye utumbo mpana, ambako vijidudu huchachusha nyasi polepole. Familia iliyozoea ng'ombe wa maziwa humwekea ndoo ya chakula cha ng'ombe asubuhi na jioni, ikidhani inamwenzi. Wanga mwingi ukifika nyuma bila kumeng'enywa, vijidudu huvurugika na chango huanza: anageuka kutazama ubavu, anaparapara ardhi, anagaagaa. Hapo mwite daktari, usingoje kesho. Tena baadhi ya vyakula vya ng'ombe na kuku hutiwa monensini, dawa ambayo kiasi kidogo tu huharibu moyo wa farasi. Mpe nyasi, kilo 9 hivi zikiwa kavu kwa siku, na umwekee chini. Hori refu linalopendeza machoni ni la wageni.

Jambo moja tu hunifanya nimtoe malishoni: usubi. Mdudu huyu, mdogo kuliko mbu, huuma kuanzia jua linapozama hadi linapochomoza, na ndiye anayesambaza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ukishika mapafu, zaidi ya farasi 9 kati ya 10 hufa, povu likiwatoka puani. Pundamilia hubeba virusi vya ugonjwa huo bila kuonyesha dalili; mwaka 1987 waliosafirishwa kutoka Namibia waliuingiza ugonjwa Hispania. Anayefuga farasi Laikipia, ambako pundamilia hunywa kwenye birika lake, achanje kila mwaka kabla ya mvua, na usiku amlaze kwenye banda lenye chandarua cha matundu madogo. Feni nayo husaidia, maana usubi haruki kwenye upepo.

Kuhusu kupanda nitasema kidogo, kwa kuwa wenye mashamba huwa hawapendi kuulizwa uzito. Wataalamu wengi hukadiria mzigo kuwa sehemu moja kwa tano ya uzito wa farasi, tandiko likiwemo: kilo 90 kwa huyu wa 450. Kwa kipimo hicho, akina baba wengi niwajuao wangewaachia binti zao tandiko.

Yule jike alipona baada ya wiki tano za dawa, ingawa akipanda mlima bado unamsikia akikohoa. Mwaka uliofuata waliporudi Nanyuki, saisi alifunga kamba mwenyewe, akachuchumaa sakafuni, akaivuta mpaka pua ya farasi ikagusa goti lake.